Barua ya wazi: Stima ya upepo na jua isijengwe juu ya mizoga ya tumbusi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Kwa wakurugenzi wakuu wa NEMA (mamlaka ya mazingira), EPRA (mdhibiti wa kawi), KETRACO (kampuni ya laini kubwa za stima), Kenya Power (msambazaji wa stima) na KWS (shirika la wanyamapori). Na kwa magavana wa Kajiado, Nakuru, Nyandarua na Marsabit.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kajiado Magharibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na, wikendi nyingi, mmoja wa watu wanaozunguka na darubini na daftari kuhesabu ndege wakubwa wa nyanda hizi. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta haliko juu ya meza ya ofisi moja. Limegawanywa baina yenu, na kwa kugawanywa huko limekosa mwenyewe.

Nitangulize msimamo wangu nisieleweke vibaya. Naunga mkono stima ya upepo na ya jua kwa moyo wote. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliwamaliza ng'ombe wa majirani zangu, na nikawaona wanafunzi wakiacha shule kwa sababu mifugo iliyotegemewa kwa karo ilikuwa imebaki mifupa kando ya barabara. Aliyeyaona hayo hahitaji kubembelezwa akubali kwamba dunia lazima iache kuchoma makaa na mafuta. Kenya imepiga hatua kubwa katika hilo: takriban asilimia 90 ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Upepo peke yake una megawati 435 hivi, yaani 310 za Loiyangalani, 100 za Kipeto na 25.5 za vilima vya Ngong. Garissa kuna megawati 50 za jua. Najivunia hayo yote na ninawafundisha wanafunzi wangu wajivunie.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Masharti makali yanayowakinga wanyamapori dhidi ya mitambo hii hayamo katika sheria zetu. Yamo katika mikataba ya mikopo. Mwekezaji akikopa kwa benki yenye masharti, ndege wanapata mlinzi. Akikopa kwingine, wanyama wetu wanabaki chini ya hisani yake.

Nitaanza na Kipeto, kwa sababu ni jirani yetu na kwa sababu pale kuna jambo jema la kujifunza. Mitambo 60 ilianza kazi mwaka 2021 kwenye ardhi ambayo wafugaji wameikodisha, na ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya minara. Hatari ilijulikana kabla hata ya saruji kumwagwa. Kusini mwa hapo kuna miamba mirefu ya Kwenia, ambako tumbusi wa Rüppell hutaga na kulea makinda, na wanapotoka kutafuta mizoga hupita juu ya nyanda hizi hizi. Tumbusi huyo, pamoja na mwenzake tumbusi mgongo mweupe, aliingizwa mwaka 2015 katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Basi pale kuna watu ambao kazi yao ni kutazama mbingu. Wanakaa mahali palipoinuka, darubini shingoni, redio ya mawasiliano mkononi, tangu saa ambazo ardhi inaanza kupata joto na hewa kupanda, kwa maana hapo ndipo tumbusi nao hupanda. Kwa jicho la mtu asiyezoea, kinachoonekana ni nukta. Mtazamaji aliyefunzwa anaisoma ile nukta: mabawa mapana yasiyopigwa, mkia mfupi, inazunguka au inakuja moja kwa moja. Akiona inaelekea kwenye safu ya mitambo anatamka namba za mitambo hiyo kwenye redio. Kule chumba cha uendeshaji wanaizima. Mapanga yanageuzwa ubavu yasishike upepo, yanapunguza mwendo, yanasimama. Ndege anapita. Mapanga yanarudi kazini.

Huenda mtu akauliza kwa nini ndege mwenye macho yanayoona mzoga kutoka umbali wa kilomita agongane na mnara mkubwa kama ule. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu macho ya tumbusi wa jamii hii ulitoa jibu. Mifupa ya juu ya macho, inayomkinga na jua, inamwachia sehemu kubwa ya upofu juu na mbele ya kichwa. Anaporuka akiwa ameinamisha kichwa kutazama chini, ambalo ndilo jambo analolifanya mchana kutwa, haoni anakokwenda. Kwa mamilioni ya miaka hakuhitaji kuona, kwa sababu huko juu hakukuwa na kitu. Leo kuna panga ambalo ncha yake inapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Tena tumbusi hazai kama kuku. Hutaga yai moja kwa mwaka, na kinda huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuanza kuzaa mwenyewe. Kumpoteza mkubwa mmoja anayelea ni hasara isiyofidiwa msimu ujao wala unaofuata. Uchunguzi uliofanywa barani Afrika na kutolewa 2015 ulikuta kwamba, kati ya aina nane za tumbusi zilizopimwa, saba zilikuwa zikipungua kwa asilimia 80 au zaidi katika kipindi cha vizazi vitatu.

Sasa turudi kwenye suala la fedha. Kipeto ilikopeshwa na shirika la serikali ya Marekani lililoitwa OPIC, ambalo siku hizi ni DFC. Wakopeshaji wa aina hiyo hufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na kiwango cha sita kinahusu viumbe hai. Kinasema kwamba mradi ukijengwa mahali penye viumbe walio hatarini namna hii, haitoshi kupunguza madhara. Mwisho wa hesabu viumbe hao lazima wawe wamenufaika kuliko kama mradi haungekuwapo. Ndiyo maana kuna watazamaji. Ndiyo maana mizoga ya mifugo huondolewa haraka karibu na mitambo ili tumbusi wasivutwe huko. Na ndiyo maana kuna kazi inayofanyika mbali na mitambo, ya kupambana na sumu, ambayo nitaieleza.

Sheria yetu ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya leseni, na NEMA inaweza kuweka masharti. Lakini hakuna kanuni inayosema kwamba mtambo wa upepo kwenye njia ya tumbusi, popote nchini, lazima uwe na watazamaji na mamlaka ya kuuzima. Hakuna kanuni inayodai faida halisi kwa spishi iliyo hatarini. Mradi wa jirani ukijengwa kilomita thelathini kutoka hapa kwa fedha nyingine, tumbusi yule yule aliyeokolewa asubuhi atakutana jioni na mapanga yasiyosimama. Tumbusi waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa huko Maasai Mara wameonekana wakivuka mipaka ya nchi. Mipaka ya mkataba wa mkopo haiwahusu.

Ombi langu la kwanza, basi, ni kwa EPRA na NEMA kwa pamoja. Hayo yanayofanyika Kipeto kwa amri ya mkopeshaji yaandikwe kuwa masharti ya leseni ya nchi nzima, na gharama yake ijulikane tangu siku bei ya uniti inapojadiliwa, ili mwekezaji asije baadaye akadai hakuipangia.

Najua kutatokea mtu wa hesabu aseme stima itapanda bei. Nimjibu kwa mifano. Katika Ghuba ya Suez nchini Misri, kwenye njia ile ile ya Bonde la Ufa ambako zaidi ya ndege milioni 1.5 wapaao kwa kutumia hewa moto hupita kila mwaka, mitambo huzimwa korongo, mwari na tai wanapopita, na uzalishaji unaopotea ni kiasi kidogo mno cha mapato ya mwaka. Upande wa pili tukumbuke Loiyangalani. Mitambo 365 ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuleta stima Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikukamilika hadi Septemba 2018. Katika muda huo Wakenya walibebeshwa malipo ya umeme ambao haukuwafikia. Kinachopandisha bei ni mipango mibovu, na kupanga vizuri ndiko ninakokuombeni.

Na mpango upo. Mwaka 2019 Wizara ya Kawi yenyewe, pamoja na wataalamu wa uhifadhi, ilikamilisha tathmini ya kimkakati kuhusu kawi ya upepo na viumbe hai nchini Kenya. Ina ramani. Ramani hiyo inaonesha mahali ambako upepo ni mzuri na ndege wa kudhurika ni wachache, na mahali ambako hata mtambo mmoja ni balaa. Ni kazi ya kupongezwa, nchi nyingi za bara letu hazina kitu kama hicho. Mheshimiwa Waziri, naomba kwa heshima ramani hiyo ipewe meno. Kwa sasa mwekezaji anaweza kutafuta ardhi, akakodisha, akatia sahihi na wenyeji, akatumia mamilioni ya shilingi, halafu ndipo mtaalamu wa ndege aitwe. Wakati huo kila mtu ana sababu ya kutaka jibu liwe ndiyo. Ramani inapaswa kuwa mlango wa kwanza: eneo jekundu, ombi halipokelewi, na mwekezaji anaelekezwa kwenye eneo la kijani kabla hajatoa hata senti.

Kinangop inatufundisha upande mwingine wa jambo hili. Ule mradi wa upepo wa megawati 60 hivi ulifutwa mwaka 2016, baada ya maandamano ambayo damu ilimwagika. Watu wengi hukumbuka mgogoro wa ardhi na hofu za wakulima. Wachache hukumbuka kwamba nyasi za Kinangop ni makao ya ndege mdogo wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei kwa jina la kitaalamu, asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, naye anatoweka kadiri nyasi hizo zinavyolimwa. Mradi uliondoka, lakini ndege yule hakupata nafuu, maana nyasi ziliendelea kugeuzwa mashamba ya viazi. Laiti wakulima wangeshirikishwa tangu mwanzo kwa kodi ya haki, pengine sehemu ya fedha za upepo ingewalipa kuacha vipande vya nyasi vikiwa nyasi. Kule Marsabit, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua Oktoba 2021 kwamba hati za ardhi ya ule mradi mkubwa wa Loiyangalani, ekari 150,000, hazikupatikana kwa njia halali. Wananchi wasiposikilizwa, hata mazingira hayasikilizwi. Ni watu wale wale wanaojua kisima kiko wapi na ndovu wanapita wapi.

Sasa nije kwenye nyaya, na hapa nazungumza na KETRACO na Kenya Power moja kwa moja, kwa sababu laini hizi ni mali ya umma.

Mtambo wa upepo unaonekana, unapigwa picha, unaandikwa magazetini. Nguzo ya kawaida ya kijijini hakuna anayeitazama. Ukitembea chini ya laini ya msongo wa kati asubuhi, angalia mguu wa nguzo. Utakuta manyoya, mara nyingine ndege mzima aliyekauka, vidole vya mguu vimeungua vikawa vyeusi. Kilichomuua ni nafasi. Nyaya tatu zimewekwa juu ya mkono wa nguzo, karibu karibu, na ule mkono umeunganishwa na ardhi. Tumbusi ana mabawa ya zaidi ya mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Akitua katikati na kunyoosha mabawa, anagusa waya huku na chuma kule, na stima yote inapita mwilini mwake. Shomoro akitua hapo hapo hapati dhara. Nguzo za zege zenye vyuma ndani, zinazochukua nafasi ya nguzo za miti, zinaongeza hatari hiyo kwa kuwa nguzo yenyewe inapitisha umeme hadi ardhini.

Dawa yake ni rahisi na inajulikana: nyaya zining'inizwe chini ya mkono wa nguzo, au waya wa karibu na nguzo uvalishwe mpira wa kuzuia umeme, na nafasi baina ya nyaya ipanuliwe. Kwa laini kubwa za kusafirisha, ambako ndege hugonga waya bila kuuona, hufungwa vibandiko vinavyozunguka na kumetameta. Haya yakifanywa wakati wa ujenzi gharama ni ndogo. Yakifanywa baadaye, nguzo kwa nguzo, gharama inauma.

Tuna ushahidi wa kutosha wa yanayotokea tukipuuza. Februari 2021 twiga watatu wa aina adimu ya Rothschild walikufa kwa kugusa nyaya zilizopita chini mno katika hifadhi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. Nyaya zilikuwa chini ya kimo cha twiga, ndani ya hifadhi ya twiga. Nchini Sudan, laini fupi iliyojengwa karibu na Port Sudan katika miaka ya 1950 iliendelea kuua tumbusi wa Misri kwa miongo, mamia kwa mamia, hadi ilipozimwa 2014. Fikirini: kosa la mchoro wa nguzo moja, likarudiwa kilomita baada ya kilomita, likaathiri ndege waliozaliwa Ulaya na Asia. Na uchunguzi wa barabarani uliofanywa hapa Kenya, ukilinganisha miaka ya 1970 na miaka ya karibuni, uliochapishwa 2022, ulionesha kwamba ndege kama tumbusi kofia na kozi wa vilimani, waliokuwa wa kawaida kabisa kwenye nguzo zetu, wamepungua kwa karibu asilimia 90. Nyaya zilitajwa miongoni mwa sababu.

Tunajenga nyaya kwa kasi kuliko wakati wowote, na kila mwaka vijiji vipya vinaunganishwa, jambo ambalo nalishukuru kwa kuwa shule yangu nayo imenufaika. Kwa sababu hiyo hiyo mchoro wa nguzo salama uwe ndio mchoro pekee unaoruhusiwa katika zabuni zote za laini mpya. Zilizopo zipimwe, na zile zinazoua zaidi zianze kurekebishwa.

Nilitaja sumu. Hapa ndipo penye nafasi kubwa kuliko zote ya kuunganisha kawi na uhifadhi, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Fisi au simba akivunja boma usiku akaua ng'ombe, mwenye ng'ombe asubuhi anachukua dawa ya wadudu ya shambani, anaitia kwenye mzoga, anaondoka. Alimkusudia fisi. Wanaotangulia kufika ni tumbusi, nao hawaji mmoja mmoja: mmoja akishuka, wengine wanamwona kutoka mbali na kumfuata. Mzoga mmoja unaweza kumaliza ndege wa eneo zima kwa siku moja. Nchini Botswana, Juni 2019, mizoga mitatu ya ndovu iliyotiwa sumu na majangili iliua tumbusi zaidi ya 500. Dawa ya Furadan, iliyotumika sana hapa kwetu, iliondolewa sokoni Kenya na kampuni iliyoitengeneza mwaka 2009, lakini sumu nyingine bado zinapatikana dukani.

Kwa hiyo tumbusi wa Kajiado wana maadui watatu: mapanga, nyaya na sumu. Sumu ndiyo inayoua zaidi. Kampuni ya upepo ikitaka kwa dhati mizani ilemee upande wa uhai, mahali pa kuweka fedha ni kwenye boma la mfugaji. Boma likizungushiwa waya imara na mlango wa chuma, simba haingii, ng'ombe hafi, na sumu hainunuliwi. Askari wa jamii wakifunzwa kuwahi mzoga uliotiwa sumu na kuuchoma kabla ndege hawajashuka, kundi linapona. Kazi ya namna hii imeanza kwetu kwa sababu ya Kipeto, na nimeona wazee waliokuwa wakimchukia fisi kwa chuki ya kufa wakilala usingizi baada ya boma kuimarishwa.

Lakini boma la waya haliwezi kufidia deni la serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwahidi mfugaji fidia mnyama wa porini anapoua mifugo yake, na malipo hayo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Mtu aliyejaza fomu akangoja hadi akachoka, ng'ombe wa pili akiuawa hajazi fomu tena. Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, lipeni fidia kwa wakati. Na ninyi wa kawi, fikirieni kutenga senti chache kwa kila uniti ya stima ya upepo ziingie katika mfuko wa maboma na fidia katika kaunti zenye mitambo. Mfugaji anayelipwa haraka ndiye mlinzi bora wa tumbusi kuliko askari yeyote.

Kwa wanaouliza tumbusi ana faida gani hata tuhangaike hivi, watazame India. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa India walikufa karibu wote kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diclofenac. Mizoga ikaoza mashambani na mitoni, mbwa koko wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Wachumi waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2024 walikadiria kwamba watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kati ya 2000 na 2005 kwa sababu ya pengo hilo. Sisi tunaoishi na mifugo, na tunaojua kimeta ni nini, hatuwezi kulichukulia hilo kama habari za mbali.

Popo nao wasisahaulike. Hufa usiku, mitambo inapozunguka taratibu kwenye upepo mdogo. Majaribio ya Amerika Kaskazini yameonesha kwamba ukiuacha mtambo usianze kuzunguka hadi upepo ufike mita tano hivi kwa sekunde, vifo vya popo hupungua kwa karibu nusu au zaidi, na umeme unaopotea kwa mwaka hauzidi asilimia moja. Hilo ni suala la kubadili mpangilio kwenye kompyuta. Huko Smøla, Norwe, panga moja kati ya matatu lilipakwa rangi nyeusi na vifo vya ndege vikapungua kwa asilimia 70 hivi. Ilikuwa mitambo minne tu, kwa hiyo siwezi kusema rangi itafanya kazi hivyo hivyo kwa tumbusi wetu, ila naomba ijaribiwe hapa, chini ya jua hili, na vyuo vyetu vikuu vipewe kazi hiyo.

Kuhusu jua sina maneno mengi, kwa sababu madhara yake ni rahisi zaidi kuepukika. Tatizo kubwa ni uzio. Nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Mbuga ya Nairobi na nyanda za Athi-Kapiti wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, njia zao zikizibwa na ua, machimbo na nyumba. Shamba kubwa la paneli likizungushiwa seng'enge katikati ya njia iliyobaki litakuwa msumari wa mwisho. Paneli ziwekwe kwanza juu ya mapaa ya viwanda, shule na masoko ya Athi River, Kitengela na Thika, ambako hakuna nyumbu wa kuzuiwa. Zikilazimika kwenda ardhini, ziende kwenye ardhi iliyokwisha kuharibika, ziinuliwe, na chini yake paachwe nyasi au palimwe. Hapa hapa Isinya, katika chuo cha kilimo cha Latia, paneli 180 ziliwekwa juu ya mboga kwa majaribio pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, na mwaka 2022 iliripotiwa kwamba kabichi zilizokua kwenye kivuli chao zilikuwa kubwa kwa theluthi moja kuliko zile za juani. Udongo ulihifadhi unyevu. Katika kaunti ya ukame kama yetu, ardhi moja inayotoa stima na chakula pamoja ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili.

Ombi langu la mwisho ni hesabu za vifo. Kila mtambo unaofuatiliwa una watu wanaotafuta mizoga chini ya minara na kuiandika: tarehe, aina ya ndege, namba ya mtambo. Daftari hizo hazipatikani na mwananchi wa kawaida. Hatujui ni ndege wangapi wameuawa na upepo wetu tangu mitambo ya kwanza iliposimama Ngong, wala na nyaya zetu, na kwa sababu hiyo tunabishana kwa uvumi: wapinzani wanazidisha, watetezi wanakana. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zinazoshikiliwa na serikali, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuwashirikisha wananchi katika kulinda mazingira. Basi iwe sharti la leseni kwamba hesabu za vifo zichapishwe kila baada ya miezi mitatu, mtambo kwa mtambo na laini kwa laini, mahali ambapo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaweza kuzisoma kwenye simu. Mkiona Kipeto inaua wachache kwa sababu inazima mapanga, mtakuwa na hoja ya kumlazimisha mwingine afanye vile vile. Mkiona laini fulani inaua wengi, mtajua pa kuanzia kurekebisha.

Kabla ya leseni nyingine ya upepo kutolewa katika Bonde la Ufa, naomba ofisi zenu zikutane mezani pamoja na wafugaji, wanasayansi na kampuni zenyewe, hapa Kajiado, mahali ambapo mitambo na tumbusi vinaonekana kwa macho. Sisi tunaohesabu ndege tutakuja na madaftari yetu, tuko tayari kuyatoa bila malipo kwa yeyote atakayeyatumia. Naomba pia jibu la maandishi kwa maswali mawili: ni lini ramani ya 2019 itakuwa sehemu ya sheria ya leseni, na ni lini mchoro wa nguzo salama utaingia katika zabuni za laini mpya?

Wenu katika kazi ya taifa,
Mwalimu na mhesabu ndege,
Kajiado Magharibi